MALI BILA DAFTARI

Kwa idhini ya Bwana Mhariri, napenda kuweka mbele ya ndugu wanachama jambo moja walifikiri. Jambo lenyewe ni tofauti kubwa ya mali iliyopo leo duniani kati ya matajiri wachache waliopita kiasi na watu wa kawaida, kama sisi tungojao mwisho wa mwezi. Najua wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, yatuhusu nini?" Jibu langu ni kwamba yatuhusu wote, na sisi watumishi wa Serikali yatuhusu zaidi ya wengine, kwa kuwa shina lake ni daftari, na daftari ndiyo kazi yetu.

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Walimwonya mwenye duka na mwenye chombo ya kuwa asipoandika kiingiacho na kitokacho, atafilisika wala hatajua sababu. Onyo hilo lingali kweli. Lakini siku hizi iko mali ya namna nyingine, ambayo kwa kutoandikwa kwake haimpotei mwenyewe hata senti moja. Yawapotea watu wengine wote.

Kwanza na tutazame ukubwa wa jambo. Wataalamu wa uchumi wenye makao yao Paris walitoa taarifa ya mwaka wa 2022 juu ya mali ya dunia. Tukitaka kuielewa taarifa hiyo, na tuwafikirie watu mia moja wamekaa katika ukumbi mmoja, na mezani pana shilingi mia moja, ndiyo mali yote iliyopo. Watu kumi wachukua shilingi 76. Watu arobaini wagawana shilingi 22. Watu hamsini waliobaki, yaani nusu nzima ya ukumbi, wagawana shilingi 2. Hivi ndivyo dunia ilivyo.

Hata hao kumi nao hawako sawa. Gazeti la Marekani liitwalo Forbes huwahesabu kila mwaka matajiri ambao mali ya kila mmoja haipungui dola bilioni moja. Mwaka wa 2025 liliwapata watu 3,028 katika dunia yote, na mali yao kwa jumla ilifika dola trilioni 16.1. Bilioni moja ni milioni elfu. Mtu akipata dola 1,000 kila siku, asile wala asitumie hata moja, atahitaji zaidi ya miaka 2,700 ili aitimize bilioni yake ya kwanza. Angalipaswa kuanza kazi hiyo miaka mia saba kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, ndipo aimalize leo.

Sisemi haya kwa husuda. Kutajirika si kosa, na mtu aliyebuni kitu kinachowafaa wenzake astahili faida yake. Neno langu ni jingine. Nauliza: mali hiyo imeandikwa wapi, nayo yatoa nini kwa ajili ya barabara, shule na hospitali, ambazo bila hizo hakuna tajiri awezaye kutajirika?

Tukitaka kulijibu swali hili, yafaa tukumbuke historia ya nchi zetu wenyewe, maana yatufundisha kanuni moja: kodi hukifuata kile kinachohesabika kwa urahisi, wala haimfuati mwenye uwezo. Katika nchi iliyoitwa Afrika ya Mashariki ya Wadachi, kodi ya kibanda ilianza kutozwa mwaka wa 1898. Kenya ilianza mwaka wa 1901. Je, vibanda vya udongo na nyasi ndivyo vilivyokuwa na mali nyingi kuliko vyote katika nchi hizo? La hasha. Lakini kibanda hakikimbii, wala hakifichiki. Mtu mmoja mwenye karatasi na kalamu aliweza kupita kijijini asubuhi, na kufika adhuhuri amekwisha kuvihesabu vyote.

Baadaye, tangu mwaka wa 1920, mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kuchukua kipande, na katika kipande hicho yaliandikwa jina lake, alama ya kidole chake, bwana wake na mshahara wake. Wengi walikivaa shingoni katika kijaluba cha bati. Basi mtu yule hesabu ya jasho lake aliitembeza kifuani pake, kila askari aisome.

Na masetla je? Mwaka wa 1921 Serikali ya Kenya ilijaribu kuwatoza wenye mapato makubwa kodi ya mapato. Wakapiga kelele nyingi, na mwaka wa 1922 kodi ile ikaondolewa. Haikurudi mpaka mwaka wa 1937. Kwa miaka thelathini na sita, tangu 1901, mwenye kibanda alikuwa akilipa, na mwenye shamba la maelfu ya ekari, isipokuwa kwa muda ule mfupi, hakuulizwa kitabu cha mapato yake. Si ajabu kwamba aliyesimama Nairobi mwaka ule wa 1921 kupinga kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara alikuwa mtumishi kama sisi: Harry Thuku, aliyefanya kazi ya simu katika Hazina ya Serikali. Alikamatwa mwezi wa Machi, 1922.

Nimeyataja hayo kwa sababu kanuni ile haikufa pamoja na utawala wa kikoloni. Imebadili mavazi tu. Leo kinachohesabika kwa urahisi ni mshahara. Kodi yetu hukatwa kabla hatujaishika fedha mkononi. Mtumishi hawezi kuichelewesha hata siku moja, wala kuipunguza hata shilingi moja. Nasi hatulalamiki kwa hilo, maana nchi haiendi bila kodi. Lakini mali ya tajiri mkubwa si mshahara, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Mwaka wa 2011 Bwana Warren Buffett wa Marekani, mmoja wa matajiri wakubwa wa dunia, aliandika gazetini habari za kodi yake mwenyewe. Alieleza ya kuwa alilipa 17.4 katika mia ya mapato yake yaliyohesabiwa kwa kodi, na watu wengine ishirini waliofanya kazi katika ofisi yake walilipa 36 katika mia, kwa wastani. Yaani makarani wake walilipa kiwango kilichopita mara mbili kiwango cha bwana wao. Aliyasema mwenyewe, wala hakusingiziwa na adui.

Na tajiri huyo angalau alikuwa na mapato yaliyoandikwa. Wengine hupanga mambo yao hata mapato yenyewe yasionekane. Wapo wanachama ambao watauliza jinsi liwezekanavyo, basi nitaeleza kwa mfano wa ng'ombe. Mtu ana kundi la ng'ombe. Kila mwaka kundi lazaa na kuongezeka, lakini sheria yasema ya kuwa hatozwi kodi mpaka auze. Yeye hauzi kamwe. Akitaka fedha za kula na kujenga, huenda kwa mwenye fedha akakopa, na kundi likawa rehani. Mkopo si mapato, kwa hiyo hautozwi kodi. Mwaka unaofuata kundi limekua zaidi, naye hukopa tena. Akifa, watoto wake huandikiwa kundi kana kwamba wamelinunua siku ile ile kwa bei ya siku ile, na ongezeko lote la miaka arobaini lafutika katika hesabu ya kodi ya mapato. Badala ya ng'ombe weka hisa za makampuni, na hiyo ndiyo hali ilivyo Marekani, kwa sheria kabisa.

Mwaka wa 2021 waandishi wa habari wa ProPublica walizipata hesabu za kodi za matajiri wa Marekani, wakazichapisha. Kati ya mwaka wa 2014 na 2018, mali ya matajiri 25 wa kwanza iliongezeka kwa dola bilioni 401. Kodi ya mapato waliyolipa Serikali Kuu kwa miaka hiyo ni dola bilioni 13.6, ndiyo 3.4 katika mia ya ongezeko lile. Jeff Bezos, mwenye kampuni ya Amazon, hakulipa kodi hiyo hata kidogo mwaka wa 2007 na mwaka wa 2011. Na mwaka huo wa 2011 alipewa nafuu ya dola 4,000 kwa ajili ya watoto wake. Waandishi wale hawakusema ya kuwa sheria ilivunjwa. Walionyesha ya kuwa sheria yenyewe ndiyo iliyomtazama karani kwa macho mawili na tajiri kwa jicho lililofumbwa.

Tena iko mali ambayo hata jina la mwenyewe halijulikani. Uswisi ilitunga sheria mwaka wa 1934 ya kumwadhibu mtu wa benki atoaye siri ya mteja, na nchi nyingine ndogo na visiwa vikaifuata njia hiyo. Mwaka wa 2016 zilifichuliwa nyaraka milioni 11.5 za ofisi moja ya mawakili ya Panama. Ndani yake mlikuwamo kampuni na amana zaidi ya 214,000, nyingi zikiwa hazina duka, wala kiwanda, wala mfanyakazi. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya mali na jina la mwenye mali.

Sasa nalirudia swali la kwanza: yatuhusu nini? Yatuhusu hivi. Kamati ya Afrika iliyoongozwa na Bwana Thabo Mbeki ilitoa taarifa mwaka wa 2015, ikasema ya kuwa Afrika hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotolewa barani kwa njia zisizo halali. Fedha hizo zisipoonekana, mahitaji ya Serikali hayapungui. Deni litalipwa, walimu watalipwa, dawa zitanunuliwa. Basi Serikali hurudi kwa kile kinachohesabika. Kenya mwaka wa 2024 iliandikwa sheria ya fedha ambayo hapo kwanza ilitaka hata mkate utozwe kodi ya 16 katika mia. Kodi ya mkate iliondolewa baada ya watu kulalamika, lakini kodi nyingine zilibaki, na tarehe 25 Juni vijana wakaingia barabarani kwa maelfu mpaka ndani ya Bunge. Watu waliuawa. Siku ya pili yake Rais akakataa kuitia sahihi sheria ile. Mkate ule wa mwaka wa 2024 na kibanda kile cha mwaka wa 1901 ni ndugu wa tumbo moja: vyote viwili vilichaguliwa kwa sababu vinaonekana.

Wako watu wenye busara wanaopinga maneno kama haya, na yafaa tuwasikilize. Wasema kwanza ya kuwa mali ya matajiri haiwezi kupimwa. Lakini hisa za makampuni makubwa hutangazwa bei kila siku ya kazi sokoni. Na ikiwa gazeti la Forbes, lisilo na polisi wala mahakama, laweza kuwahesabu watu 3,028 kwa majina na mali yao, je, Serikali zenye sheria na makarani zashindwaje?

Wasema pili ya kuwa tajiri akiguswa atahama. Hilo lina ukweli ndani yake. Norway ilipoongeza kodi ya mali mwaka wa 2022, baadhi ya matajiri wake walihamia Uswisi. Lakini Marekani huwatoza raia wake kodi ya mapato popote waishipo duniani, na hakuna asemaye ya kuwa jambo hilo haliwezekani. Kuhama ni dawa ya tajiri pale tu ambapo nchi hazisemezani.

Wasema tatu ya kuwa siri haivunjiki, kwamba mlango mmoja ukifungwa, mwingine hufunguliwa. Hapa tunao ushahidi wa kinyume. Mwaka wa 2014 nchi nyingi zilikubaliana juu ya utaratibu wa benki kupeleka habari za amana za wageni kwa serikali za nchi zao bila ya kuombwa, na mwaka wa 2017 zikaanza kupelekeana. Taarifa ya wachunguzi wa kodi wa Ulaya, iliyotolewa mwaka wa 2023, yaeleza ya kuwa ukwepaji wa kodi kwa kuficha fedha ng'ambo umepungua hata kufikia karibu thuluthi ya ulivyokuwa miaka kumi nyuma. Miaka mingi tuliambiwa ya kuwa siri ya benki ni kama mwamba. Kumbe ilikuwa pazia tu, nalo lilivutwa na makarani kwa hati na tarakimu, pasipo vita wala mapinduzi. Lakini taarifa hiyo hiyo yaongeza ya kuwa mabilionea wa dunia, kwa njia za makampuni yao, wangali wakilipa kodi isiyozidi nusu katika mia ya mali yao. Kwa hiyo nusu ya kazi imefanyika, na nusu ingali mbele.

Juu ya nusu hiyo, Profesa Gabriel Zucman wa Ufaransa alitoa shauri mwaka wa 2024, kwa ombi la Brazil iliyokuwa mwenyekiti wa mataifa ya G20. Shauri lake ni jepesi: kila mwenye zaidi ya dola bilioni moja alipe kodi isiyopungua 2 katika mia ya mali yake kwa mwaka, na kama kodi yake ya mapato imekwisha kufika hapo, asiongezewe. Alikisia ya kuwa shauri hilo laweza kuleta dola bilioni 200 mpaka 250 kila mwaka, kutoka kwa watu wapatao 3,000 tu. Viongozi wa mataifa hayo walikutana Rio de Janeiro mwezi wa Novemba 2024, wakakubali kusaidiana ili matajiri wakubwa watozwe ipasavyo, lakini kiwango hawakukitaja. Ufaransa nayo, Baraza la Taifa lilipitisha sheria ya namna hiyo mwezi wa Februari 2025, na Seneti ikaikataa mwezi wa Juni.

Walakini njia iliyo karibu nasi zaidi ni ile iliyofunguliwa na Afrika yenyewe. Mwaka wa 2022 Nigeria, kwa niaba ya nchi za Afrika, ilipeleka Umoja wa Mataifa shauri la kuwa kanuni za kodi za dunia zitungwe na mataifa yote, badala ya kutungwa na nchi tajiri peke yake. Mwezi wa Novemba 2023 kura zilipigwa: 125 zilikubali, 48 zilikataa, na 9 hazikuegemea upande. Mwaka wa 2025 Marekani ilijitoa katika mazungumzo, lakini nchi nyingine ziliendelea, nayo yapangwa kumalizika mwaka wa 2027. Miongoni mwa mambo yaliyoandikwa yajadiliwe ni kutozwa kodi kwa watu wenye mali nyingi kabisa.

Ndugu wanachama, sasa naja kwenye neno linalotugusa sisi wenyewe. Kenya mwaka wa 2003 ilitunga sheria iliyomtaka kila mtumishi wa umma aandike mapato yake, mali yake na madeni yake, tena na ya mume au mke wake, na ya watoto wake walio chini ya miaka 18. Tanzania nayo kwa sheria ya mwaka wa 1995 iliwataka viongozi wa umma watangaze mali zao. Hakuna aliyesema ya kuwa kiwanja cha karani hakiwezi kupimwa, au kwamba mtumishi ataihama nchi akiulizwa idadi ya mbuzi wake. Tuliandika, tukatia sahihi, tukarudi kazini. Jambo linalotakiwa kwa tajiri wa dunia ni lile lile lililotakiwa kwa tarishi wa ofisi. Kama kwa tarishi ni heshima ya kazi, kwa bilionea haliwezi kuwa dhuluma.

Lakini tuseme kweli na sisi kwa sisi. Daftari lililofungiwa kabatini, lisilosomwa na mtu, halina faida. Matamko mengi ya mali hulala katika bahasha zake. Tangu mwaka wa 2020 Kenya na Tanzania zimeyataka makampuni yawataje wenyewe wa kweli walio nyuma yake. Hata hivyo raia wa kawaida hawezi kuyafungua madaftari hayo kama afunguavyo gazeti. Na ni nani atunzaye madaftari hayo? Ni sisi. Ni sisi tuandikao hati za viwanja, tupokeao hesabu za makampuni, tukaguao mizigo bandarini. Mara nyingi mali kubwa hupita mezani kwetu kabla ya kupotea. Ikiwa mtumishi mmoja ataacha nafasi ya jina wazi kwa sababu mwenye mali ni mtu mkubwa, amefanya kazi ile ile ya ofisi ya Panama, ila kwa ujira mdogo zaidi.

Kwa hiyo nawaomba wanachama walifikirie shauri hili katika mkutano wetu ujao. Chama chetu kimezoea kudai nyongeza ya mshahara, na ni haki yake. Na kiongeze madai mawili. La kwanza, madaftari ya wenye makampuni ya kweli yafunguliwe kwa umma. La pili, wajumbe wetu waendao kwenye mazungumzo ya Umoja wa Mataifa wasimame imara mpaka mali ya matajiri wakubwa iandikwe kwa jina, popote ilipo. Pamoja na hayo, kila mmoja wetu ayatunze maandiko yaliyo mikononi mwake pasipo kumwogopa mwenye gari kubwa.

Nyongeza ya mshahara ikipatikana leo, kesho italiwa na kodi ya unga na mafuta, maadamu mali kubwa haionekani. Kwanza na iandikwe. Ikiisha kuandikwa, watu watajua la kuuliza, na Serikali itajua la kujibu.

Wasalaam.
Ni mimi mtumishi mwenzenu.